Usilipie kiwanja cha Kerege kwa sababu ya treni ya umeme

Mkuu, hiyo milioni 10 usiitoe Jumamosi. Umeuliza treni mpya za umeme za abiria wa kila siku zina ubora gani, na kama ni busara kulipia kiwanja cha Kerege, huku kwetu Bagamoyo, ambacho dalali anadai kitapakana na stesheni ya treni hizo. Naanza na hilo la mwisho, kwa sababu maneno ya dalali wako uliyoyaandika hapa ndiyo niliyoambiwa mimi pale Zinga mwaka 2021, na hadi sasa bado nayalipia.

Nilinunua kwa milioni 11, na milioni 6 kati ya hizo zilikuwa mkopo wa SACCOS. Jirani wa safu ya nyuma yangu, mwenye eneo la ukubwa uleule na mchanga uleule, alitoa milioni 4 mwezi huohuo. Zile milioni 7 zilizozidi zilikuwa bei ya treni. Dalali alinionyesha kwenye simu picha ya treni nyeupe yenye vioo vikubwa, akasema ndiyo itakayotutoa Bagamoyo hadi Dar es Salaam kwa dakika 40, na kwamba ndani ya miaka miwili itakuwa inatembea. Kisha akanipeleka kwenye kigingi cha mti kilichopakwa rangi nyekundu, akaniambia hapo ndipo utakapokuwa mlango wa abiria. Nilikishika kwa mkono wangu, nikaamini. Masika yaliyofuata nilikikuta kimeliwa na mchwa hadi usawa wa ardhi. Bikoni ya upimaji huwa ya zege, ina namba, na ofisi ya ardhi ya wilaya inaitambua kwenye ramani yake. Kile kilikuwa kijiti cha mtu mwenye haja ya kuuza.

Ile picha nayo nilikuja kuikuza kwenye kompyuta ya mpwa wangu, tukaona theluji pembeni mwa reli. Ilikuwa treni ya Norway, ya familia ya FLIRT inayotengenezwa na Stadler ya Uswisi, ambayo ilianza kubeba abiria mwaka 2004. Treni zikiitwa familia, maana yake ni kwamba kiwanda kina umbo moja la msingi, na kila nchi inayoagiza huchagua idadi ya mabehewa, upana wa reli na aina ya umeme. Ndiyo maana picha ya treni ya namna hiyo haithibitishi kwamba itapita Zinga, Kerege wala kwingineko.

Dalali yule nina hasira naye mpaka leo, na sioni sababu ya kuificha. Alikaa barazani kwangu, akanywa kahawa yangu, akaniuliza ada za watoto, na huku akijua kwamba stesheni aliyokuwa ananiuzia haimo katika mchoro wowote aliowahi kuuona. Sisi wa Bagamoyo tulikuwa na funzo tayari: makubaliano ya kujenga bandari ya Bagamoyo yalisainiwa mwaka 2013, viwanja vya Mbegani na Mlingotini vikapanda bei, na mwaka 2019 mradi ukasimamishwa. Nililiona hilo kwa macho yangu, na bado nikatoa hela.

Sasa lishike hili: pasipo na waya, usilipie treni. Baada ya kuumia nilipita Makofia hadi Mlandizi, nikaenda Soga kuiangalia reli ya kisasa. Abiria walikuwa bado hawajaanza kusafiri, lakini tuta lilikuwepo, reli imelazwa, nguzo zimesimama kwa mpangilio na waya umening'inia juu ya njia. Treni ya umeme haiwezi kujificha, kwa kuwa inachota volti 25,000 kutoka kwenye waya ule kila hatua inayokwenda. Kwa kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro pekee ilibidi ijengwe njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Kinyerezi hadi Kingolwira. Jiwe la msingi liliwekwa Aprili 2017, na abiria wa kwanza wakapanda Juni 2024. Hiyo ni miaka saba, tena kwa mradi uliokuwa na fedha, mkandarasi na mafundi kazini. Dalali wako anakuahidi miaka mingapi, na huko Kerege umeona nguzo ngapi?

Kuhusu ubora, treni zenyewe ni nzuri. Mchongoko, treni ya umeme ya reli hiyo ya kisasa iliyotoka Korea Kusini, ina mota chini ya mabehewa badala ya kuvutwa na kichwa kimoja, kwa hiyo inachanganya mwendo haraka na inafika kilomita 160 kwa saa. Lakini uzuri huo usikupeleke kwa dalali. Hata reli ikija kweli, eneo likiangukia ndani ya hifadhi yake, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya reli, utalipwa fidia kwa hesabu ya mthamini, na bei ya stesheni uliyomlipa dalali haitaingia humo.

Nenda Ijumaa asubuhi ofisi ya ardhi ya wilaya ukiwa na majina ya muuzaji na mahali kiwanja kilipo, uulize matumizi yake katika mchoro wa mipango miji, kisha muulize mwenye kiwanja cha safu ya nyuma alinunua kwa shilingi ngapi. Majibu yote mawili yaandike hapa kabla hujamkabidhi mtu hela.