Tarakimu chini ya besi si namba za vidole

SWALI: Kwaya yetu inajifunza kipande cha mtunzi Handel. Kopi ya kinanda ina mstari wa besi tu, na chini yake kuna 6, 7, 4 3, pengine alama ya shapu (♯) peke yake. Nilidhani ni namba za vidole, lakini kidole cha 7 kiko wapi? – Mpiga kinanda, Mpwapwa

JIBU: Tarakimu hizo zinahesabu umbali kutoka nota ya besi kwenda juu, besi yenyewe ikiwa 1. Huo ndio mtindo wa baso kontinuo, uliobeba muziki wa Baroki karibu wote, takriban 1600 hadi 1750. Mtunzi aliandika besi na tarakimu. Kodi, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja (hizi za kinanda, si za TRA), alizipanga mpigaji papo hapo, kama mpiga ilimba wa Kigogo asivyoandikiwa kila pigo.

Tumia solfa (d, r, m, f, s, l, t). Besi isiyo na tarakimu inataka ya 3 na ya 5: juu ya d weka m na s. Penye 6, weka ya 3 na ya 6: juu ya m zinakuwa s na d. Penye 7 juu ya s, piga t, r na f. Shapu iliyo peke yake inapandisha ya 3. Katika mainori, juu ya m utapiga se (yaani s iliyopandishwa) na t.

Kazi iko kwenye 4 3. Besi ikiwa s, d ishikiliwe kutoka kodi iliyotangulia, ipigwe pamoja na r, kisha d ishuke t huku r ikibaki. Wengi huirukia t mapema, na utamu wote unapotea.

Mkono wa kushoto upige besi peke yake. Wa kulia nota tatu, karibu na C ya katikati ya kinanda. Ukipanda sana unaifunika sauti ya kwanza. Besi ikipanda, mkono wa kulia ujaribu kushuka, la sivyo ya 5 na oktavu zitafuatana sambamba na kodi zitasikika tupu. Gitaa la besi lipige nota zilezile bila madoido. Na tafadhali, zima ule mdundo wa kinanda!

Ukipata toleo lenye nota ndogondogo mkono wa kulia, hizo kaandika mhariri, si Handel. Unaweza kuzibadilisha.

SWALI: Mbona katika muziki wa Handel alama za p (sauti ndogo) na f (sauti kubwa) ni chache hivyo? – Mwalimu wa kwaya, Kongwa

JIBU: Harpsikodi, kinanda cha enzi hizo, hukwanyua nyuzi, kwa hiyo ukibonyeza kwa nguvu au polepole sauti ni ileile. Ukubwa wa sauti ulibadilishwa hasa kwa kuongeza au kupunguza waimbaji na ala. Wengine hufundisha kwamba kwaya nayo iimbe kwa ngazi tu, kubwa au ndogo; hapo wanazidisha, maana koo na fidla ziliweza kuvimba na kupungua hata enzi hizo. Mstari wa fuga (muziki ambamo sauti huingia moja baada ya nyingine kwa wimbo uleule) unapoingia, sauti inayoanza isikike, nyingine zipungue kidogo.