Yaya, marshi yetu ya kupinga vita tumulenge nani?

SWALI: Jambo Yaya. Huku Lubumbashi tunataka kufanya marshi ya kupinga vita ya Kivu, lakini kila jioni mu homu (bweni) ni mabishano tu. Bengine banasema twende ku konsila (ofisi za ubalozi) za wazungu, bengine banasema adui ni MONUSCO, jeshi la amani la Umoja wa Mataifa, bengine serikali yetu yenyewe, na kuko benye banataka tuandike tu "Tunataka amani", tutembee mpaka ku Posta, tuimbe, turudi. Wewe unaona je?
Mwanafunzi wa sheria, Lubumbashi

JIBU: Mudogo wangu, hiyo bango ya amani muiweke pembeni kwanza, juu nani atawakatalia? Hata mwenye kuuza bunduki anaitika. Mutafute mtu mwenye kitu mkononi, kitu chenye jina, anaweza kukitoa ama kukikatala.

Wanafunzi wa Columbia kule New York, 1968, vita ya Vietnam, walishika majengo ya chuo chao wenyewe juu kilikuwa ndani ya IDA, taasisi yenye kufanyia jeshi utafiti, na tena kilikuwa kinajenga jumba la michezo kwenye bustani ya Morningside na watu wa Harlem hawataki. Polisi iliwapiga, mamia wakakamatwa, lakini jumba halikujengwa pale na chuo kikajitoa IDA. Vita yenyewe ikaendelea mpaka 1975, hiyo nayo musifichane. Mwaka 2024 wenzao wakapiga mahema palepale, wakidai chuo kitoe pesa zake kwenye makampuni yenye kufaidika na vita ya Gaza, wakubwa wakakatala. Trinity College ya Dublin, mwaka uleule, ikakubali kujitoa kwenye makampuni ya Israeli yenye kufanya kazi katika maeneo yaliyokaliwa.

Sasa kwetu. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23, waasi wenye kusaidiwa na Rwanda, Januari 2025, Kinshasa watu walivamia ambasade za Rwanda, Ufaransa, Ubelgiji, Marekani, hata Kenya! Hasira ile naielewa kabisa, ila habari ikageuka kuwa ya moto na wizi. MONUSCO nayo ilishafunga kazi Kivu ya Kusini tangu 2024, nyinyi huko Katanga mutaipigia kelele wapi? Kama ni konsila, mwende na karatasi: Umoja wa Ulaya ulisaini na Rwanda makubaliano ya madini Februari 2024, na Bunge la Ulaya lenyewe likaomba yasimamishwe Februari 2025. Hiyo njo kitu ya kumuuliza Mbelgiji. Na wadeputé (wabunge) wenu muwaulize mishahara ya askari wa mbele inafika wapi, hapo hakuna haja ya visa (wao ndio naona watawaogopa zaidi kuliko mzungu yeyote).

Lakini munajua kampasi yenu iliona nini usiku ule wa Mei 1990, askari wa Mobutu walipoua wanafunzi. Kwa hiyo barua itangulie miguu: Katiba, kifungu cha 26, inadai muarifu wakubwa kwa maandishi, haisemi muombe ruhusa. Kopi yenye kupigwa stampu mubaki nayo nyinyi.