Barua za Wenye Magari: Usajili Wataka Bima, Bima Yataka Namba

Miaka 22 nilikaa dawati la madai ya bima, upande ule wa kupokea watu waliofura. Nilichojifunza ni kwamba mtu hagombani na bima siku anapoikata. Hugombana nayo siku ya kulipwa, na siku hiyo kinachosomwa ni kile alichokiandika bila kufikiri. Safari hii barua karibu zote ni za watu wanaoagiza gari kwa mara ya kwanza.

Mzee, shikamoo. Gari langu linatoka Japani, meli itafika wiki mbili zijazo. Ofisi ya usajili imeniambia nilete bima ndipo nipewe namba. Kampuni ya bima imeniambia nilete namba ndipo wanikatie bima. Nimezunguka kati ya madirisha mawili mpaka viatu vimelia. Nianzie wapi?

Marahaba, mwanangu. Anzia kwenye chasisi.

Kibao cha namba hubadilishwa, huibwa, hata hung'oka njiani. Namba ya chasisi imechongwa kwenye chuma, na ndiyo inayolitofautisha gari lako na mengine elfu ya rangi hiyo hiyo. Kwa hiyo rudi kwa wakala wa bima umwambie hivi: nikatie kava noti, yaani hati ya bima ya muda, kwa namba ya chasisi, nafasi ya namba ya usajili uiache wazi. Wakala mzoefu ataitoa bila maswali. Akikataa, omba kuongea na mkubwa wake, maana mara nyingi anayekataa ni kijana ambaye fomu ya kompyuta imemzuia kuendelea.

Na fomu hiyo ndiyo mtego wenyewe. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa halina namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Lina msimbo wa modeli, tuseme NZE121 kwa Toyota Corolla ya zamani, kisha kistari, kisha tarakimu zake. Kompyuta iliyofunzwa kuhesabu mpaka 17 inaona pungufu, na karani mwenye haraka anajazia sifuri mbele ili apite. Mwambie aache! Sifuri hizo zitaingia kwenye hati ya bima, hazitakuwapo kwenye kadi ya gari, na siku ya ajali utaulizwa gari lililokatiwa bima liko wapi.

Kama gari lako lina namba ya 17, jua pia kwamba ndani yake hakuna herufi I, O wala Q. Ziliachwa makusudi zisichanganywe na moja na sifuri. Ukiona duara, ni sifuri.

Nayasema haya kwa uchungu. Gari langu la kwanza kuagiza, karani alisoma 8 akaandika B. Nilisaini bila kuangalia, mimi niliyekuwa nakula mshahara wa bima! Lilipogongwa kwa nyuma, dai langu lilikaa miezi mitano juu ya herufi moja. Tangu hapo nabeba karatasi nyepesi na penseli: unaibandika karatasi juu ya namba iliyochongwa, unasugua penseli kwa ubapa, namba inajitokeza yenyewe kama ilivyo. Karatasi hiyo ndiyo unayomkabidhi karani, ili asiandike kwa kukusikia.

Jambo moja zaidi, ambalo watu husahau kwa furaha ya kupata kibao. Ukishasajiliwa, rudi bima siku hiyo hiyo namba mpya iongezwe kwenye hati. Kava noti ina mwisho wake, na wengi hukumbuka hilo wakiwa tayari wamesimamishwa barabarani.

Hati ya kutolea gari Japani inasema Heisei 22. Muuzaji anasema ni gari la 2010, fundi wangu anasema la 2009. Bima wameandika 2010. Nani mwongo?

Huenda hakuna mwongo, dada yangu.

Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Heisei 1 ni 1989, kwa hiyo ongeza 1988 kwenye namba ya Heisei: 22 na 1988 ni 2010. Enzi ya Reiwa ilianza tarehe 1 Mei 2019, hivyo kwa Reiwa ongeza 2018. Mwaka 2019 una majina mawili, Heisei 31 mpaka mwisho wa Aprili na Reiwa 1 kuanzia Mei, na nimeona mtu akidhani hizo ni hati za magari mawili.

Lakini 2010 yako ni mwaka gari liliposajiliwa Japani kwa mara ya kwanza. Hati ile haisemi lilitoka kiwandani lini. Gari laweza kutengenezwa Oktoba, likalala uwanjani kwa muuzaji, likasajiliwa Februari. Fundi wako, naamini, alivuta mkanda wa kiti mpaka mwisho akasoma kitambaa kilichoshonwa chini, ambacho aghalabu huwa na tarehe ya kutengenezwa kwa mkanda. Ni dalili nzuri, ingawa si ushahidi wa mwisho, kwa kuwa mkanda hutengenezwa kabla ya gari, na unaweza kuwa umebadilishwa.

Kwa nini ujali miezi minne? Kwa sababu kuna nchi zinazopima umri wa gari kwa tarehe ya kutengenezwa. Marekani, gari ambalo halikujengwa kwa viwango vyao vya usalama huruhusiwa likishatimiza miaka 25 tangu litengenezwe. Kanada ni miaka 15. Kwingine kikomo ni kinyume, gari kuukuu ndilo linalokataliwa. Na kampuni nyingi za bima zina umri ambao ukiupita hazikupi bima kubwa, unabaki na ile ndogo ya kulipia watu wengine tu. Waulize wenye usajili wa kwenu wanahesabu tarehe ipi. Kwenye fomu ya bima andika zote mbili, moja ya kutengenezwa na moja ya kusajiliwa, na kila moja uitaje kwa jina lake. Tarehe ya kiwandani hupatikana kwa kumpa wakala wa mtengenezaji namba ya chasisi.

Muuzaji ameniambia bei yake ni CIF, bima ya baharini imo humo humo. Rafiki yangu ananishauri nikate nyingine. Si kulipa mara mbili huko?

Hapa nitakaa kidogo, unisamehe.

Muuzaji hakukudanganya. CIF ni bei ya gari, bima na nauli ya meli mpaka bandari ya kushukia. Ila kanuni za biashara za kimataifa zinamtaka muuzaji wa CIF akukatie bima ya kiwango cha chini kabisa, kile kinachoitwa Kundi C. Kundi C hulipa majanga makubwa: meli kuwaka moto, kuzama, kupinduka, kupanda mwamba, kugongana. Wizi wa redio? Haumo. Kioo kuvunjwa na mpakiaji? Hakimo. Maji ya bahari kupenya ndani na kuozesha mazulia? Hayamo. Kundi A ndilo linalobeba karibu kila ajali isipokuwa zile lilizozitaja kuziacha. Kwa hiyo usimuulize muuzaji kama kuna bima. Muulize ni kundi gani, na akutumie cheti chenye namba yako ya chasisi.

Na usidhani meli za magari hazipatwi na majanga. Februari 2022 meli ya Felicity Ace iliwaka moto karibu na visiwa vya Azores ikiwa na magari karibu 4,000, mengi ya thamani kubwa, na tarehe 1 Machi ikazama nayo. Mwaka 2006 Cougar Ace ililala ubavu katika bahari ya Pasifiki na magari ya Mazda zaidi ya 4,700 tumboni. Haikuzama. Magari mengi yalibaki yamefungwa palepale yakining'inia, ukiyatazama huoni kovu. Mazda wakaamua kuyaponda yote, kwani nani angeapa kwamba injini na betri iliyolala pembeni wiki kadhaa ni nzima? Mwenye bima ya Kundi C hapo angekuwa na mjadala mrefu wa kama meli iliyoinama ni sawa na meli iliyopinduka.

Kuna jambo la tatu ambalo hata mawakala wengine hawalijui. Linaitwa hasara ya pamoja, na ni sheria ya bahari ya tangu kale. Meli ikipata shida na nahodha akaingia gharama au akatosa mizigo ili kuokoa safari, gharama hiyo hugawanywa kwa wenye mali wote waliomo, kila mtu kwa thamani ya mzigo wake. Gari lako limesalimika, halina hata mkwaruzo, lakini halitatoka bandarini mpaka utoe dhamana. Ever Given ilipoziba mfereji wa Suez siku sita mwezi Machi 2021, mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja, na watu wenye makontena ya vitu vya kawaida kabisa wakajikuta wanadaiwa dhamana. Hili hata Kundi C hulibeba. Asiye na bima kabisa hulibeba mwenyewe.

Basi hulipi mara mbili ukimwomba muuzaji bei isiyo na bima, ukajikatia Kundi A. Na gari likishuka, lizunguke na simu yako ukipiga picha kabla hujasaini kulipokea. Ukiona bonde, yaani pale bati lilipobonyea, liandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano palepale. Ukishasaini kwamba ni zima na ukaliendesha nje ya geti, bonde hilo ni lako.

Niandike thamani gani kwenye bima kubwa? Wakala wa forodha ananiambia niandike bei niliyonunulia ili ada iwe ndogo.

Ukiandika bei ya kununulia tu, umeziacha baharini nauli, ushuru na gharama za bandari. Gari lililokugharimu 100 mpaka kufika mlangoni, ukaliandika 60, bima nyingi zitakulipa kwa uwiano huo huo hata kwa ajali ndogo: matengenezo ya 10, unapewa 6. Andika ambacho kingekugharimu kupata jingine kama hilo leo. Wakala wa forodha hatakuwapo siku ya ajali.

Naweza kuliendesha kutoka bandarini mpaka nyumbani kabla ya kusajiliwa?

Bila namba ya muda na bima ya muda, hapana. Lipakie kwenye lori la kubebea magari, na umuulize mwenye lori kama bima yake inalipia mzigo au inalipia lori tu.

Mzee wangu, karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari, ina herufi R pale pa gredi. Muuzaji anasema si kitu. Je, ni lazima niwaambie bima?

R kwenye minada ya Japani maana yake gari lilipata ajali likatengenezwa. Laweza kuwa bamba la mbele lililonyooshwa vizuri, laweza kuwa fremu iliyopinda. Wala haimaanishi umeuziwa gari bovu. Nimeendesha R moja miaka saba bila tatizo. Ila bima ni mkataba wa uaminifu kamili, na wewe ndiye unayejua historia. Ukinyamaza, wao wakaipata karatasi hiyo baadaye (na wanaipata, namba ya chasisi inatafutika), wana haki ya kusema wasingekukubali kwa ada ile. Waambie kwa maandishi, ambatanisha karatasi ya mnada, utunze nakala yenye muhuri wao wa kupokea.

Michoro ya gari iliyo chini ya karatasi hiyo ina alama zake: A ni mkwaruzo, U ni bonde, X ni sehemu ya kubadilishwa, XX ni iliyokwisha kubadilishwa. Nitumie picha yake, jina lako ulifunike, nikusomee gari lilipoguswa kabla hujalipa salio.