Amplifaya inajizima besi ikipanda: pima volti kabla ya kununua kitu

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Probox hapa Kigoma, nabeba abiria kati ya Mwanga na Mwandiga, na mara moja moja naenda Uvinza kuchukua chumvi au Kibirizi kuchukua dagaa. Nimefungiwa amplifaya ya chaneli 4 iliyoandikwa wati 2000, na sabufa ya inchi 12 kwenye buti. Sauti ikiwa ya chini hakuna shida. Nikiipandisha, hasa usiku taa zikiwa zinawaka, dashibodi inafifia kila besi inapopiga, halafu amplifaya inawasha taa nyekundu ya PROTECT na kunyamaza. Baada ya sekunde chache inarudi. Kishikio cha fyuzi karibu na betri kimeyeyuka, lakini fyuzi yenyewe ya 40 haikukatika. Fundi wangu akaweka ya 80, tatizo liko palepale. Sasa ananiambia ninunue kapasita ya faradi 1. Pia kuna mluzi kwenye spika unaopanda nikikanyaga mafuta, na gari likilala siku mbili bila kutembea haliwaki. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Anza kwa kuitoa hiyo fyuzi ya 80 leo, kabla hujawasha redio tena. Fyuzi ya kwenye betri haipo kwa ajili ya amplifaya; amplifaya ina fyuzi zake ubavuni. Hii ya mbele inalinda waya unaopita chini ya zulia kutoka kwenye boneti hadi buti. Siku waya huo ukichubuka na kugusa bodi, fyuzi ya 80 itangoja huku gamba likiwaka moto chini ya miguu ya abiria. Rudisha ya 40, na iwe ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri.

Na hicho kishikio kilichoyeyuka kinakupa habari zaidi kuliko taa ya PROTECT. Fyuzi haikukatika, maana yake umeme haukuzidi ampea 40 kwa muda wa kutosha kuikata. Joto limetoka kwenye mguso mbovu. Mguso wenye ukinzani wa omu 0.01 tu, ukipitisha ampea 40, unazalisha wati 16 za joto mahali padogo kama ncha ya kidole. Hiyo ni zaidi ya nusu ya pasi ya kulehemu ya wati 30. Fyuzi za kioo zenye vikofia viwili vya chuma ndizo zinazoongoza kwa ugonjwa huu, na gari linalopigwa na makorongo kila siku huzilegeza upesi. Nunua ile bapa inayobanwa kwa nati mbili.

Sasa hizo wati 2000. Soma fyuzi za ubavuni mwa amplifaya, usisome maandishi ya juu. Zikiwa mbili za 20, amplifaya inavuta ampea 40 kwa kikomo. Zidisha kwa volti 13.8 unapata wati 552 zinazoingia. Amplifaya za kawaida za daraja AB hupoteza karibu asilimia 40 au zaidi kama joto, kwa hiyo kinachofika kwenye spika ni wati 300 na kitu. Nakwambia haya ili ujue ukubwa wa kazi: tunatafuta njia ya kupeleka ampea 40 nyuma ya gari, na hilo Probox inaliweza ikiwa njia ni nzima.

Dalili ya kufifia na kujizima mara nyingi ni volti kuishia njiani. Amplifaya nyingi hujizima volti zikishuka karibu na 11 au 10. Fundi wako huenda alipima kule nyuma akaona 12.5, akasema umeme upo. Upo, kwa sababu hakuna kilichokuwa kinauvuta. Waya wenye nyuzi tatu tu zilizobaki utaonyesha 12.5 vilevile ukiupima ukiwa hauna mzigo. Kipimo cha maana ni kile cha umeme ukiwa unatembea.

Weka mita kwenye DC 20. Asubuhi kabla ya kuwasha gari, pima kwenye nguzo zenyewe za risasi za betri, si kwenye vibano vyake. Betri nzima iliyojaa husoma 12.6. Ikiwa chini ya 12.2, ichaji kwanza, maana vipimo vinavyofuata vitakudanganya. Washa injini na taa kubwa: utegemee kati ya 13.8 na 14.4. Kisha hamishia ncha za mita kwenye vibano vya waya. Namba ikibadilika hata kwa 0.1, kuna uchafu kati ya kibano na nguzo. Fungua, sugua kwa msasa, kaza, paka grisi juu baada ya kukaza.

Kwa kipimo cha mzigo, muziki wenyewe haufai kwa sababu namba zinarukaruka. Tumia balbu ya taa kubwa ya H4, hata ile iliyobaki stoo, mradi nyuzi zake zote mbili zinawaka. Unganisha miguu ya full na dim pamoja upande mmoja, mguu wa ethi (hasi, njia ya umeme kurudi kupitia bodi) upande wa pili. Ikiwaka hivyo inavuta ampea 9 hivi. Zima gari, toa fyuzi ya mbele, chomoa waya mkubwa wa chanya na wa ethi kwenye amplifaya, uzifunge kwenye balbu. Iweke balbu juu ya kipande cha bati, si juu ya zulia, kwa sababu kioo chake kinaunguza. Rudisha fyuzi, washa injini.

Chukua mita 6 za waya mwembamba wa spika. Funga ncha moja kwenye nguzo chanya ya betri, nyingine ilete buti uiguse kwa ncha nyekundu ya mita. Ncha nyeusi igusishe chanya ya balbu. Wembamba wa waya huu hauna madhara kwa kuwa haubebi mzigo, unapeleka kipimo tu. Namba utakayoiona ni volti zinazopotea kwenye waya wa chanya. Zidisha kwa 4.4 upate hasara ya ampea 40.

Waya wa shaba halisi wa geji 4 (geji ikiwa namba ndogo, waya ni mnene zaidi), mita 5, utasoma karibu 0.04. Geji 8 ya alumini iliyopakwa shaba, ikiwa nene kama ilivyoandikwa, itasoma karibu 0.15. Tatizo ni kwamba waya nyingi za vifurushi vya bei rahisi zina gamba nene la plastiki na ndani nyuzi za geji 12. Hapo utaona karibu 0.38, ambayo kwa ampea 40 ni volti 1.7 zinazopotea upande wa chanya peke yake. Kwangua unyuzi mmoja kwa wembe: ukigeuka mweupe ndani, ni alumini. Waya wa nyumba wa milimita 2.5 za mraba, ambao mafundi wengi huutumia kwa sababu upo kila duka, hauna nafuu kubwa: hupoteza volti 1.5 kwa mzigo huohuo.

Rudia upande wa hasi: waya wa kupimia uufunge nguzo hasi ya betri, na mita iguse hasi ya balbu. Hapa sitaki kuona zaidi ya 0.05. Na kwa gari lako, kama ningelazimishwa kubashiri kabla ya kipimo, ningesema kosa kubwa liko hapa. Buti inayobeba chumvi ya Uvinza na ndoo za dagaa inapata maji ya chumvi kila wiki. Yanaingia chini ya zulia, yanakaa kwenye bolti ya ethi, na kutu inaanza chini ya lagi (kile kipete cha chuma cha ncha ya waya) ambako huioni. Juu panang'aa, chini pamekuwa unga wa kahawia. Kuikaza bolti ya namna hiyo hakusaidii kitu.

Tafuta mahali pengine penye bati nene la bodi, juu kidogo ya sakafu, usawa ambao maji hayafiki. Usitumie bolti ya mkanda wa abiria: ina gundi na rangi kwenye meno yake, na ni kitu cha usalama kisichochezewa. Ondoa rangi hadi chuma kiwe cheupe, eneo kubwa kidogo kuliko lagi, toboa, funga kwa bolti ya milimita 8 yenye nati na washa yenye meno. Ukishakaza, ndipo paka rangi au grisi juu ya kila kitu. Waya wa ethi uwe mnene sawa na wa chanya na usizidi nusu mita. Halafu nenda mbele: waya wa kiwandani kutoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi ni mwembamba kwa kazi hii. Usiutoe, ongeza wa pili mnene pembeni yake, na mwingine kutoka kwenye bodi kwenda kwenye injini.

Waya mzuri si lazima uagize Dar. Waya wa welding wa milimita 16 za mraba wenye nyuzi laini za shaba unafaa kabisa: mita 5 zinapoteza karibu volti 0.24 kwa ampea 40, gamba lake la mpira linavumilia joto, na ncha yake huingia kwenye tundu la amplifaya bila kukatwa nyuzi. Ule wa 25 ni mnene mno kwa matundu mengi. Kwangua na huu pia kabla hujalipa, maana alumini imeshaingia huku. Unapoupitisha ukuta wa injini, uvalishe mpira, na uubane kila sentimita 30 ili usisugue.

Kama waya zote mbili ziko safi lakini volti kwenye nguzo za betri zenyewe zinashuka chini ya 12.5 injini ikiwa juu kidogo ya sailensi (mzunguko wake bila kukanyaga mafuta), tazama mkanda wa alternata, kisha alternata. Kufifia kidogo ukiwa sailensi kwenye kituo cha abiria, taa na feni vikiwa vimewaka, ni kawaida. Alternata ikizunguka taratibu haitoi ampea zake zote.

Kapasita, kile kifaa kinachohifadhi umeme kidogo na kuutoa haraka, usinunue. Faradi 1 ikishuka volti 1 inatoa umeme wa kutosha ampea 40 kwa sekunde 0.025. Pigo moja la besi ni refu kuliko hapo, na baada yake kapasita inahitaji kujazwa kupitia waya uleule mbovu.

Mluzi unaofuata mafuta una uhusiano na ethi hiyohiyo. Ethi ya amplifaya ikiwa mbovu, sehemu ya umeme hutafuta njia ya kurudi kupitia wavu wa nje wa waya za RCA (zile zinazoleta sauti kutoka redio hadi amplifaya) hadi kwenye redio. Rekebisha ethi kwanza, usikilize tena. Ukibaki, zima, chomoa RCA kwenye amplifaya, washa. Mluzi ukiondoka, unatoka mbele. Rudisha RCA, kisha chukua waya mfupi, gusisha ganda la nje la RCA nyuma ya redio na bodi ya chuma ya redio. Ukikatika hapo, njia ya ethi ndani ya redio imeungua, kitu kinachotokea hasa pale ethi ya amplifaya inapokosekana huku RCA zimechomekwa. Unaweza kuulehemu waya huo ubaki. Waya mweusi wa redio nao upeleke kwenye bodi moja kwa moja, usiuunge kwenye ethi ya kibiriti cha sigara.

Betri kufa ukilaza gari: ufunguo ukiwa nje, pima kati ya tundu la REM (remoti, linaloiamsha amplifaya redio ikiwashwa) na ethi ya amplifaya. Panatakiwa kuwa sifuri. Ukikuta 12, remoti imeungwa kwenye waya wa njano wa redio, ambao una umeme saa zote, na amplifaya haijalala tangu ifungwe. Ikivuta ampea 1 tu ikiwa kimya, betri ya ampea-saa 35 haimalizi siku mbili. Remoti ni ya waya wa bluu wenye mstari mweupe. Ukikuta sifuri, toa kibano cha hasi, weka mita ya ampea 10 katikati, funga milango, ngoja nusu saa. Ikisoma zaidi ya 0.05, chomoa fyuzi moja moja hadi ishuke. Usiwashe injini mita ikiwa hapo.

Ukimaliza haya, amplifaya ikawa inapata 13 na kitu besi ikipiga lakini bado inajizima, hapo tatizo ni mzigo. Chomoa sabufa upime koili zake. Koili ya omu 4 husoma 3.2 hadi 3.7. Ikiwa na koili mbili za 4 zilizounganishwa chanya kwa chanya, zimekuwa omu 2, na amplifaya nyingi za chaneli 4 zikiunganishwa kwa daraja (chaneli mbili kufanya kazi kama moja) hazikubali chini ya 4. Zipange koili kwa mfululizo upate 8. Sauti itapungua kidogo, lakini haitajizima.