Kabla hujapeleka mayai supamaketi, piga hesabu ya siku 45

Wiki iliyopita dada mmoja wa Usa River alinipigia simu kwa furaha. Supamaketi moja ya mjini imekubali kuchukua mayai yake yote. Nikampa hongera, halafu nikamuuliza kuku watakula nini kuanzia leo mpaka siku supamaketi itakapomlipa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, hilo sijalifikiria." Hata mimi sikulifikiria, ndiyo maana naandika.

Nilikuwa na kuku 500 pale Moshono, Arusha. Barua ya supamaketi ilipokuja niliipiga picha nikaiweka status, nikidhani nimeshatoka kwenye ufugaji wa kubahatisha. Masharti yalikuwa trei 60 kwa wiki, kila trei shilingi 8,000, malipo siku 45 baada ya ankara. Bandani nilikuwa nauza 8,500. Nikajiambia mia tano kitu gani, mzigo wenyewe si unatoka kwa mpigo?

Kuku wa mayai anakula kama gramu 120 kwa siku. Kundi likitaga kwa asilimia 80, trei moja ya mayai 30 imekula kilo nne na nusu za chakula. Mfuko wa kilo 50 nilinunua 70,000 wakati ule, kwa hiyo chakula peke yake kwenye trei moja ni 6,300. Ukiuza 8,500 inabaki 2,200. Humo humo kuna chanjo za kideri na Gumboro, maranda, umeme, kijana wa bandani, na gharama ya kumlea kuku karibu miezi mitano kabla hajatoa yai hata moja. Kwenye karatasi mia tano inaonekana ni asilimia sita tu ya bei. Kwenye kilichobaki mkononi ni karibu robo.

Na bado hiyo bei siyo iliyoniumiza sana. Kilichoniumiza ni zile siku 45. Kuku 500 wanakula kilo 60 kila siku, sawa na mifuko 54 kwa siku 45. Theluthi mbili ya mayai yangu yalikwenda supamaketi, maana yake mifuko 36 iliyoliwa kwa ajili yao kabla sijaona shilingi: milioni mbili na nusu na ushee. Kutoa mzigo leo ukalipwa baadaye sisi tunaita mali kauli, na dukani kwa jirani mali kauli ni jambo la kawaida. Lakini jirani unamgongea mlango jioni. Hawa niliwakopesha bila riba, huku mimi mwenyewe nakopa kikoba kwa riba ili ninunue chakula. Na siku 45 zilikuwa hamsini na kitu mara nyingi kuliko nilivyotaka, kwa sababu ankara "haijasainiwa" au mhasibu "yuko safari".

Kwa nini hatuwezi kukataa? Kwa sababu kuku hana swichi. Mwenye mahindi anaweza kufunga ghala akasubiri bei. Sisi kesho asubuhi kuna mayai 400 mengine, na kwenye joto bila friji hayakai sana. Mnunuzi mkubwa analijua hilo vizuri. Analijua pia soko la Arusha: Aprili na Mei watalii wamepungua, hoteli na kambi za safari zinapunguza oda, mayai yao yanarudi mjini kutafuta mnunuzi. Ndipo afisa manunuzi hupiga simu. "Shikamoo mama. Mayai yamejaa sokoni, tushushie kidogo." Julai mji ukishajaa wageni, hakuna anayepiga simu kusema tupandishe.

Kuna jambo jingine ambalo wasiouza supamaketi hudhani haliwahusu. Supamaketi ikiweka ofa ya mayai, mwenye duka wa mtaani na kijana wa chipsi wanaisoma ile bei ya kwenye rafu na kukuletea bandani. "Mama, kule ni rahisi, wewe vipi?" Hawajui kwamba ofa ile imekatwa kwenye malipo ya mfugaji fulani. Yangu ilikatwa mara mbili, na mara zote nilijua baada ya kuona hela imepungua.

Wala si sisi tu. Uingereza, baada ya vita vya Ukraine kupandisha bei ya chakula cha kuku na nishati mwaka 2022, wafugaji walilalamika kwamba supamaketi zimepandisha bei ya mayai lakini nyongeza haiwafikii. Wengine wakapunguza kuku au kuacha kabisa. Mafua ya ndege nayo yakaongeza shida, na Novemba mwaka huo supamaketi za Asda na Lidl zikaanza kuwapimia wateja idadi ya maboksi ya mayai. Wenzetu wale wana msimamizi wa mahusiano ya supamaketi kubwa na wasambazaji tangu 2013! Ila anamlinda anayeuza moja kwa moja, wakati mfugaji wa mayai kwa kawaida anamuuzia mfungashaji, na mfungashaji ndiye anayeuza supamaketi. Ulinzi unaishia katikati ya njia.

Sisemi usiuze huko. Supamaketi ndiyo iliyonifundisha kupanga mayai kwa ukubwa na kutopeleka yai lenye kinyesi. Ila usimpe mnunuzi mmoja zaidi ya robo ya mayai yako, hata akibembeleza. Mimi sasa wanachukua trei 20 kwa wiki, nyingine ni wauza chipsi wa Sakina na Kilombero wanaolipa kwa simu kabla bodaboda haijaondoka. Bei ya supamaketi iwe juu ya bei ya bandani, si chini, maana unauza na muda wa kusubiri malipo. Wasikubaliane na wewe kwa mdomo kuhusu ofa. Iandikwe kwamba hawakati bila saini yako. Na mkiwa majirani watano wenye kuku mia tatu tatu, nendeni pamoja. Mtu wa trei 60 anajibiwa kesho, wa trei 300 anawekewa kiti.

Mayai yaliyopasuka yahesabiwe pale pale mlangoni, mbele yako, na idadi iandikwe kwenye karatasi ya kupokelea mzigo. Yakishavuka mlango ni yao. Mimi nilirudishiwa trei mbili baada ya siku tisa, nikaambiwa yalikuja hivyo.

Halafu trei za plastiki. Ziandike jina kwa rangi ya mafuta, chini na pembeni. Zangu arobaini bado ziko kule stoo, na kila nikizidai naonyeshwa rundo la trei za watu kumi zinazofanana.