Kwa mnaoanza kuhesabu vipepeo wanaohama hapa Mwanza

Wadau wapya, kwanza lile la majira ya kuchipua mnalosoma kwenye vitabu vya Ulaya liwekeni pembeni. Wenzetu kule mwezi wa tatu wanamsubiri kipepeo Vanessa cardui anayevuka Sahara kwenda kaskazini, mzunguko wa mwaka unafika kama kilomita 15,000 ila hakuna anayeumaliza peke yake, wanapokezana vizazi. Sisi mwezi huohuo masika yanaingia, na wetu wanafuata mvua, maana kiwavi anataka majani machanga.

Wengi mkianza mnakimbilia rangi, simu mkononi, kila kinachopaa picha. Anza na mwelekeo bwana. Kipepeo mkazi anazurura, anatua kwenye ua, anafukuzana na mwenzie, anarudi palepale. Anayehama ananyoosha, akikutana na nyumba hazunguki pembeni, anapanda juu ya bati anashuka upande wa pili anaendelea na njia yake ileile, na wa nyuma yake naye hivyohivyo, ukiona wanafuatana namna hiyo ndo ufungue daftari.

Kuhesabu chagua alama mbili, tuseme nguzo ya umeme na jabali, huo ndo mstari wako, hesabu wanaoukata kwa dakika 5 tu kisha pumzika, wanaokwenda andika kivyao na wanaorudi kivyao. Ukikaza macho nusu saa nzima utaanza kubuni, nakwambia ukweli. Dira ya simu usiisome ukiwa umeegemea geti la chuma, itakudanganya.

Alfajiri kaa nyumbani, hizo ni saa za wanaotazama ndege, vipepeo mpaka jua liwapashe, kuanzia saa 3 hivi, na wingu likifunika wanatulia. Upepo nao andika kila mara, mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu, so pale Capri Point, ile rasi iliyoingia ziwani, unaweza kudhani wanahama kumbe wanasukumwa tu.

Weupe wenye mishipa ya kahawia wanaopita kwa makundi ni Belenois aurota. Mweupe wa kijani kwa mbali, mwenye kasi, ni Catopsilia florella, viwavi wake watafute kwenye miti ya jamii ya mjohoro. Danaus chrysippus wa chungwa ndo anasumbua, jike la Hypolimnas misippus linamwiga mpaka basi, angalia bawa la nyuma: Danaus ana vidoa vyeusi vitatu au vinne, mwenzie kimoja.

Na ule moshi unaosimama juu ya ziwa ni wadudu wa ziwani, usiuhesabu, ukija upande wako funga mdomo tu.