Ndege njema, ndege mbaya, na daftari la siku arobaini

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ukimuwaza mtu na papo hapo akapiga simu, au ukiiona namba ileile mara tatu kwa siku, je, ni ujumbe wa Mungu au ni sadfa tu?"

Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua lilitolewa Madina, siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume Muhammad (s.a.w.). Siku hiyo jua lilipatwa. Watu wakasema jua limeingia giza kwa msiba wa mtoto huyu. Baba mwenye msiba akawaambia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Mkiona hivyo, salini na mwombeni Mungu. Hebu tazameni alivyoligawa jambo. Dai kwamba kifo kimelizima jua alilikata, ingawa lilimpa heshima yeye na mwanawe. Ibada aliiacha palepale, tena akaihimiza. Tukio likawa na maana ya kiroho bila kubebeshwa sababu isiyo yake.

Kiswahili nacho kimelibeba jambo hili siku nyingi. Kwetu ndege si kiumbe mwenye mabawa tu. Tunasema ndege njema na ndege mbaya, yaani bishara. Hata neno la Kiarabu tiyara, kuona nuksi katika mambo, limetokana na ndege. Tiyara Mtume aliikataza. Fali, neno jema linalompa mtu moyo, aliipenda. Basi kuguswa na tukio si kosa. Kazi iko katika kulipima, na kulipima kuna utaratibu wake.

Kwanza tafuta mzizi. Bundi akitua juu ya paa usiku mitatu mfululizo, chungulia darini na stoo: penye panya ndipo bundi anapowinda, na mwenye nyumba akiugua wiki hiyo, hao wawili hawajuani. Jicho kucheza mara nyingi huletwa na uchovu, usingizi mchache au kahawa nyingi. Wavuvi wetu wa Tanga hawashangai kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi alasiri. Mgeni angeona ni muujiza unaojirudia. Mvuvi anajua ni bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwamba kila siku maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi.

Mji huu una mfano wake mchungu. Novemba 1914, katika vita ya Tanga, nyuki waliwavamia askari wa jeshi la Uingereza, wengi wao wakiwa Wahindi, walipokuwa wakisonga kuelekea mjini. Ikavuma kwamba ni mtego wa Wajerumani. Lakini nyuki walikuwa wametibuliwa na risasi, na waliwauma askari wa pande zote mbili. Mwingereza aliyekwisha kushindwa alitaka adui mwenye hila, na nyuki wakampa.

Pili, hesabu. Tuseme uko macho saa 16 kwa siku, yaani dakika 960. Dada yako hukupigia mara moja kwa siku, saa yoyote. Wewe humkumbuka mara 4 kwa siku, na "papo hapo" unaihesabu kuwa dakika 5. Nne mara tano ni dakika 20, na 20 katika 960 ni moja kwa 48. Kwa dada mmoja tu, simu na wazo vitagongana mara moja kila siku 48 hivi. Ukiwa na watu wanane wa namna hiyo, kila siku sita utasema, "Utaishi miaka mingi, sasa hivi nilikuwa nakuwaza!" Ni kama tarehe za kuzaliwa: abiria 23 ndani ya Coaster wanatosha kufanya uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja upite nusu kidogo.

Kuhusu namba, siku hizi vijana wanatumiana kwamba ukiikuta simu inasoma 11:11, malaika anakuita. Lakini sisi saa hiyo tunaiita saa tano na dakika kumi na moja. Saa kumi na moja na dakika kumi na moja ya Mswahili ni pale simu inaposoma 5:11. Ishara inayopotea ukibadili namna ya kuhesabu saa haikuwa katika wakati, ilikuwa katika kioo cha simu.

Tatu, andika. Daftari dogo la shule linatosha, kwa siku arobaini. Chora safu nne: tarehe na saa; wazo, ndoto au ishara; kilichofuata; nilichotenda. Sharti kubwa ni kujaza safu ya pili kabla ya kujua ya tatu. Ndoto iandikwe ukiwa bado kitandani, kabla ya kushika simu, kwa sababu ukishapata habari ya asubuhi, kumbukumbu huipaka ndoto rangi ya habari hiyo bila wewe kujua. Umemuwaza mtu na hakupiga? Andika "hakupiga". Wengi huharibu hapa: hukumbuka yaliyogongana na kuyaacha mamia yaliyopishana. Kosa jingine ni wavu mpana. Umeota maji, kesho mvua ikinyesha, bomba likipasuka, ukialikwa ufukweni Raskazone, hata ukimwagikiwa chai, utasema ndoto imetimia. Dawa yake ni kuandika mapema ni jambo gani, moja au mawili tu, litakalohesabika.

Wakristo wenzetu wana Gideoni katika Waamuzi 6. Aliitaja ishara kabla: ngozi ya kondoo ilowe, ardhi iwe kavu. Ikawa. Hakuridhika, akaigeuza: ngozi iwe kavu, ardhi ilowe. Mpimaji makini angefanya vivyo hivyo. Na kwa Waislamu ipo istikhara: rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua ya kuomba jambo lifanywe jepesi likiwa na heri, na liepushwe likiwa na shari. Katika mafundisho yake hakuna sharti la kuota. Wapo wanaoahirisha posa miezi mitatu wakingoja ndoto ya kijani au nyeupe, na huku hawajamuuliza mtu hata mmoja habari za mchumba. Sali, shauriana, kisha anza. Wepesi na ugumu utauona njiani.

Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, aliandika mwaka 1952 kuhusu mambo yanayounganishwa na maana bila kuunganishwa na sababu. Mgonjwa wake alikuwa akimsimulia ndoto ya mbawakawa wa dhahabu, na mbawakawa akagonga dirishani. Nadharia yake bado inabishaniwa. Mimi linanivuta alilolifanya: alimshika yule mdudu akamkabidhi mgonjwa, na mtu aliyekuwa mgumu kama jiwe akalainika.

Sasa mpaka ambao nauomba usivukwe kamwe. Sadfa isiwe ushahidi dhidi ya mtu. Mtoto akishikwa na homa siku ambayo bibi jirani alipita akamsifu, kinachotakiwa ni kipimo cha malaria siku hiyohiyo. Wazee wa nchi hii, hasa kina mama wenye macho mekundu ya moshi wa kuni, wameuawa kwa hesabu za namna hii. Vilevile usikope, usiuze shamba wala usiache dawa kwa sababu ya ishara. Ndoto mbaya ina adabu yake: jikinge kwa Mungu, tema mate kidogo kushotoni mara tatu, wala usimsimulie mtu.

Siku ya arobaini, usikimbilie yaliyogongana. Fungua yale uliyoandika "hakupiga". Hapo pana majina: shangazi wa Pangani, mwalimu wako wa zamani, rafiki mliyenuniana tangu Ramadhani. Uliwakumbuka na simu haikuita. Anza na jina lililojirudia mara nyingi kuliko mengine, umpigie wewe kabla ya magharibi, halafu ujaze safu ya nne.

Msomaji, Ngamiani, Tanga